Nafsi ya Tatu na Mikasi ya Mfasiri

Mwaka 1623, katika mji wa Florence, yalipigwa chapa kwa mara ya kwanza mashairi ya Michelangelo, yule mchongaji aliyefariki dunia mwaka 1564. Aliyeyatayarisha alikuwa mjukuu wa nduguye, aliyerithi jina lile lile la Michelangelo Buonarroti. Mengi kati ya mashairi hayo marehemu alimtungia Tommaso de' Cavalieri, kijana wa kiungwana wa Roma aliyempenda kwa zaidi ya miaka thelathini. Mjukuu akaona haya. Hakuyachoma, kwani jina la babu lilikuwa fahari ya ukoo. Alifanya jambo la ustadi zaidi: palipokuwa na mwanamume, akamtia mwanamke. Kiwakilishi kimoja hapa, herufi ya mwisho ya neno pale, na Italia ikasoma kwa miaka 240 habari za mpenzi ambaye hakupata kuwapo, mpaka Cesare Guasti alipoziendea hati zenyewe na kuchapisha, mwaka 1863, maneno kama yalivyotoka mkononi mwa mwenyewe.

Miaka kumi na saba baada ya kitendo hicho cha Florence, mchapishaji John Benson wa London alifanya la kufanana nalo. Soneti za Shakespeare zilikuwa zimetoka mwaka 1609, zote zikiwa 154, na zile 126 za mwanzo kwa sehemu kubwa zinamhusu kijana wa kiume. Benson alizivuruga mpangilio, akaziunganisha mbili tatu kuwa shairi moja, akazipa vichwa vilivyomfanya msomaji adhani anasifiwa bibi fulani, na mahali pachache akabadili viwakilishi vyenyewe. Pachache tu, lakini vichwa vile vilitosha kazi. Mwaka 1780 ndipo Edmond Malone alipolirudia toleo la 1609 na kuwaonyesha Waingereza kile mshairi wao mkubwa alichokiandika.

Visa hivi si vya kuchekwa kama ujinga wa watu wa zamani, kwa kuwa mikasi ile haijatupwa. Kila linapozuka suala la kufasiri kwa Kiswahili kazi za kale za Wayunani, Waajemi, Wahindi au Waarabu, huinuka sauti ya kushauri kwamba sehemu fulani zirukwe, zilainishwe, au zipewe sura ya udugu. Sababu hutolewa tatu. Kwanza, kwamba mapenzi ya watu wa jinsia moja, na watu wasiojulikana wasimame safu ya wanaume au ya wanawake, ni uzushi wa karne hii na wa nchi za Magharibi. Basi kuyakuta katika ngano za kale ni kuyapachika. Pili, kwamba Kiswahili chenyewe hakina mume wala mke katika nafsi ya tatu. Basi mfasiri aandike *yeye* na mambo yaishe. Tatu, heshima. Sababu ya kwanza ni uongo. Ya pili ni nusu ya ukweli, na ndiyo ya hatari zaidi kwa mfasiri. Ya tatu inastahiki kujibiwa kwa adabu, kwa kuwa wanaoitoa wengi wao wana adabu.

Tuanze na Homer. Katika Iliad, Achilles amegoma kupigana kwa kudhulumiwa na mkuu wa jeshi, na hakuna zawadi inayomrudisha uwanjani. Kinachomrudisha ni kifo cha mtu mmoja, Patroclus, aliyevaa silaha za Achilles na kuuawa na Hector katika kitabu cha 16. Homer hasemi wawili hawa walikuwa wapenzi, wala hasemi hawakuwa. Anachosema ni kwamba Achilles alijimwagia mavumbi kichwani, kwamba hakulala wala kula, na kwamba katika kitabu cha 23 kivuli cha Patroclus kilimjia usingizini kikamwomba mifupa yao itiwe katika chombo kimoja. Waliobaki Wayunani wenyewe walisoma kimya hicho kwa namna zao. Aeschylus, katika tamthilia iliyopotea na kuacha vipande tu, aliwafanya wapenzi waziwazi. Plato, katika Karamu yake, anamweka Phaedrus amlaumu Aeschylus. Lakini lawama yenyewe si kwamba amezua mapenzi, bali kwamba amekosea nani alikuwa mpenda na nani mpendwa, maana Achilles ndiye aliyekuwa mdogo, mzuri na asiye na ndevu. Na mwaka 345 kabla ya Kristo, Aeschines alisimama mahakamani Athens akasema kwamba Homer aliyaficha mapenzi hayo bila kuyataja jina kwa sababu msikilizaji aliyeelimika angeyatambua mwenyewe. Basi mjadala unaoitwa wa kisasa ulikwisha kuwa wa kale siku Plato alipouandika.

Mwaka 2004 ikatoka filamu ya Troy, iliyoongozwa na Wolfgang Petersen, na Brad Pitt ndiye Achilles. Patroclus ndani yake ni binamu mdogo, mwanafunzi wa upanga. Watetezi wa filamu hiyo wanaweza kutoa hoja kwamba zipo nasaba za kale zilizowahesabu wawili hao kuwa jamaa, na ni kweli zipo. Lakini jamaa huyo hakuchukuliwa kutoka nasaba kwa kupenda nasaba. Alichukuliwa kwa sababu neno *binamu* linafunga mlango kwa upole: mtazamaji haulizi tena kwa nini shujaa anawaka moto kiasi kile. Ni mjukuu wa Michelangelo amerudi, safari hii akiwa na fedha za Hollywood. Na ajabu ni kwamba hao hao walioogopa Patroclus wangeweza kuikumbuka ngano nyingine ya Achilles huyo huyo, jinsi mama yake Thetis alivyomficha Skyros amevaa nguo za kike miongoni mwa binti za Mfalme Lycomedes ili asipelekwe vitani. Shujaa mkuu wa Wayunani alikaa na wanawali akionekana mwanamwali. Wachoraji wa Ulaya waliichora habari hiyo mara nyingi, na haijasikika kwamba imewapunguzia wanajeshi ushujaa.

Wa kale kuliko Homer ni Gilgamesh, mfalme wa Uruk, ambaye vibao vyake vya udongo vilifukuliwa Nineveh katika karne ya 19 na kusomwa na George Smith mwaka 1872. Kabla ya kukutana na Enkidu, Gilgamesh anaota nyota imeanguka kutoka mbinguni, kisha anaota shoka. Na katika ndoto anavipenda vitu hivyo kama mtu anavyompenda mke. Enkidu anapokufa, mfalme anamfunika uso rafiki yake kama afunikwavyo bibi harusi. Hizo ni tashbihi za mshairi aliyeandika kwa Kiakadi, hazikutiwa na mtu wa New York. Mfasiri atakayeandika *kama ndugu* atakuwa ametia tashbihi yake mahali pa tashbihi ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, na marehemu hana wa kumtetea.

Hata hivyo haki ni lazima igawiwe pande zote. Wapo pia, hasa katika Ulaya na Marekani ya leo, wanaomsoma Gilgamesh kama waraka wa siasa na kumtia mfalme wa Uruk katika maandamano asiyoyajua. Nao wanashika mikasi, ila wanakata upande wa pili. Mwandishi wa riwaya ana ruhusa yake: Madeline Miller, katika The Song of Achilles ya mwaka 2011, aliwafanya Achilles na Patroclus wapenzi tangu ujana, akapata tuzo ya Orange mwaka 2012, na hakuna aliyedhulumiwa, kwa sababu jalada lina jina la Miller. Jalada la tafsiri lina jina la Homer. Pale Homer aliponyamaza, mfasiri anyamaze vile vile, kwa uzito ule ule wa kimya, asiongeze kitanda wala asilete binamu.

Liko pia suala la msamiati. Patroclus aitweje kwa Kiswahili? Asiitwe *shoga*. Neno hilo kwa wanawake wa pwani lilikuwa, na katika nyumba nyingi bado ni, jina tamu la rafiki wa kike. Mitaani limekwisha kugeuzwa tusi la kuwatupia wanaume, na mfasiri hana haki ya kuingiza tusi la mtaa wake katika kambi ya Troy. Wala asibuniwe istilahi ya kitaalamu, maana Homer hakuwa na istilahi. Kiswahili kina *mwandani*, kina *muhibu*, kina *sahibu wa moyo*. *Mwandani* latosha: ndani yake mna urafiki, mna siri, na anayetaka kuona zaidi ataona.

Ama Wahindi, hao hawakuhitaji mtu kuwachimbulia. Katika Mahabharata, Amba aliyefedheheshwa na Bhishma anazaliwa upya kuwa binti wa Mfalme Drupada, analelewa kama mwana wa kiume, anaozwa binti wa mfalme mwingine, na siri inapofichuka anakwenda msituni ambako jini aitwaye Sthuna anabadilishana naye jinsia. Huyo ndiye Shikhandi. Vitani Bhishma anakataa kumpiga mshale mtu aliyepata kuwa mwanamke, na Arjuna, nyuma ya Shikhandi, anampiga Bhishma mpaka anaanguka. Vita vile vikubwa vinageuka upande kwa sababu ya mtu ambaye jeshi halijui limhesabu vipi. Na Arjuna mwenyewe mwaka mmoja kabla yake alikuwa amejificha katika ikulu ya Mfalme Virata kwa jina la Brihannala, amevaa kike, akifundisha mabinti ngoma. Katika kijiji cha Koovagam, jimbo la Tamil Nadu, kila mwaka wale wanaoitwa hijra huolewa na Aravan, kijana wa Mahabharata aliyetolewa kafara vitani baada ya Krishna kujigeuza mwanamke ili amwoe usiku mmoja. Kesho yake huvunja bangili zao na kulia kijane. Mahakama Kuu ya India ilipotoa hukumu tarehe 15 Aprili 2014 ya kuwatambua watu hao kuwa jinsia ya tatu, majaji walizitaja Mahabharata na Ramayana ndani ya hukumu.

Lakini nchi hiyo hiyo nayo ina mikasi yake. Filamu ya Fire ya Deepa Mehta, ya mwaka 1996, inasimulia wake wawili wa nyumba moja ya Delhi wanaopendana, na majina yao yalikuwa Radha na Sita. Bodi ya ukaguzi iliipitisha mwaka 1998 bila kukata hata onyesho moja. Sharti lilikuwa moja tu: katika nakala ya Kihindi, Sita aitwe Nita. Herufi moja! Mapenzi yenyewe hayakuwatisha wakaguzi. Kilichowatisha ni jina la mke wa Rama. Mwezi Desemba mwaka huo wafuasi wa Shiv Sena walivamia majumba ya sinema Mumbai na Delhi, na ile herufi haikuwazuia.

Sasa ile sababu ya pili, ya *yeye*. Ni kweli Kiswahili kimejaaliwa neema ambayo Kilatini, Kiarabu na Kiingereza havikupewa. Anakuja, amelala, ampenda: hakuna ajuaye kama ni bwana au bibi mpaka aambiwe. Ipo ngano inayoonyesha neema hiyo kuliko zote. Ovid, katika kitabu cha tisa cha Metamorphoses, anasimulia habari za Ligdus wa Krete, maskini aliyemwambia mkewe Telethusa kwamba akizaa mtoto wa kike itabidi auawe. Akazaa wa kike. Mungu wa kike Isis alikuwa amekwisha kumjia ndotoni na kumwamuru amlee, basi Telethusa akamtangaza mtoto kuwa wa kiume. Baba akampa jina la babu yake, Iphis, na mama akafurahi kwa sababu Iphis ni jina la wote, kama Amani au Baraka kwa Waswahili. Kumwita kwa jina hilo hakukuwa uongo. Akiwa na miaka kumi na mitatu akaposewa Ianthe, wakapendana, na Iphis akalia usiku kwa kujiona ajabu ya dunia. Mkesha wa harusi Isis akamgeuza mwanamume.

Kwa Kilatini kila sifa ya Iphis inavaa mwisho wa kike au wa kiume, na mshairi anapaswa kuchagua kila hatua. Ovid anaucheza mchezo huo kwa furaha. Kwa Kiingereza mfasiri anatembea juu ya makaa ya *he* na *she*. Kwa Kiswahili Iphis anazaliwa, anapenda, analia na kuoa ndani ya kiambishi kimoja, *a-*, bila mfasiri kudanganya hata mara moja, kama mama yake alivyotaka. Kadhalika Tiresias wa kitabu cha tatu, aliyewapiga kwa fimbo nyoka wawili wakipandana akawa mwanamke miaka saba, kisha akawapiga tena akarudi mwanamume. Mtu huyo hakubadilika nafsi, na sarufi ya Kiswahili inakubaliana naye.

Neema hiyo hiyo, hata hivyo, ni maficho. Sappho wa kisiwa cha Lesbos ameacha shairi moja lililosalimika zima, la beti saba, alilomwomba Aphrodite amsaidie juu ya mpenzi anayemkimbia. Mungu anamjibu kwamba akimbiaye sasa atakuwa mfukuzaji hivi karibuni, apende asipende. Vitenzi vya Kiyunani havionyeshi jinsia, na kwa beti tano na zaidi msikilizaji hajui mkimbizi ni nani. Ni neno la mwisho la ubeti wa sita, lenye maana ya kutotaka, ndilo lenye mwisho wa kike. Neno moja, silabi moja ndani yake. Ambrose Philips alipolifasiri shairi hili kwa Kiingereza mwaka 1711 alimfanya mkimbizi kuwa mwanamume, na ilibidi afanye juhudi. Mfasiri wa Kiswahili hahitaji juhudi yoyote. Akiandika *hata kama hataki* amefasiri neno kwa neno, hakuna mwalimu atakayemsahihisha, na amefika pale pale alipofika Philips. Kwa sababu msomaji anayejua kuwa mshairi ni mwanamke atamjaza mwanamume mwenyewe. Huku ndiko kukata bila mikasi. Wajibu wa mfasiri hapa ni kuongeza neno ambalo asili haina, *mwanamke yule*, ili asipunguze maana ambayo asili inayo. Anayesema ameacha *yeye* kwa kuwa ndiyo tabia ya lugha na alaumu lugha yake kwanza, kisha amwombe radhi Sappho.

Upande wa Waajemi mambo yanageuka kinyume. Kiajemi ni kama Kiswahili: neno lao la nafsi ya tatu, *u*, halina mume wala mke. Ghazali za Hafez, aliyefariki Shiraz mwaka 1390, zinamlilia mpenzi huyo asiye na jinsia; lakini pale dalili zinapojitokeza, kama vile ndevu changa zinazoota shavuni au mnyweshaji wa mvinyo, aghalabu ni kijana wa kiume. Ehsan Yarshater, mwanazuoni wa fasihi ya Kiajemi, aliliandika jambo hili bila kuzungukazunguka mwaka 1960. Mapenzi ya Sultan Mahmud wa Ghazna, aliyekufa mwaka 1030, kwa mtumwa wake Ayaz yaliingia kwa Attar, Saadi na Rumi, na masufi wakayafanya mfano wa mja na Mola wake. Waingereza hawakuweza kubaki na *u*. Ilibidi wachague, na mwaka 1771 William Jones alipomfasiri yule Mturuki wa Shiraz katika ghazali maarufu ya Hafez alimgeuza mwanamwali. Anayemfasiri Hafez kwa Kiswahili kwa kupitia Kiingereza humpokea mwanamwali huyo wa Jones, akamvika kanga na kumwita *binti*, akasahau kwamba lugha yake na ya Hafez zinaelewana bila mkalimani. Visiwa hivi havichoki kujinasibisha na Shiraz. Vingeanza basi kwa kumrudishia mpenzi wa Shiraz utata wake.

Pwani inaujua utata huo kwa sikio. Mshairi mwanamume anatunga, mwanamke anaimba, mpenzi wa wimbo ni *mpenzi* tu, au tausi, au kito, au chombo kilichong'oa nanga. Na katika ukumbi wa taarabu mwanamke anainuka na noti mkononi kumtunza mwimbaji kwa mshororo uliomchoma, na ni yeye peke yake anayejua umemchoma kwa ajili ya nani. Umm Kulthum, aliyependwa Unguja na Lamu kama alivyopendwa Cairo, alianza kuimba utotoni akiwa amevishwa mavazi ya mtoto wa kiume wa Kibedui kwa amri ya baba yake, na hata alipokuwa bibi mkubwa aliyaimba maneno ya Ahmad Rami, mwanamume, kwa *habibi*, sigha ya kiume ambayo Waarabu huitumia kwa wote wawili. Hakuna aliyetoka ukumbini akidai kurudishiwa nauli kwa sababu mpenzi hakutajwa jinsia.

Imebaki heshima. Wanaoitaja huogopa kijana atakayesoma, na hofu ya mzazi si ya kudharauliwa. Lakini heshima ya wazee wa pwani haikuwa ya kutotaja. Mwanafunzi wa fikihi ya Kishafii anapofika mlango wa mirathi hukutana na *huntha mushkili*, mtu ambaye maumbile yake hayajaamua kama ni mume au mke, na husoma jinsi ya kumhesabia fungu lake, jinsi ya kuzuia kinachotiliwa shaka mpaka hali yake ibainike. Wanazuoni hawakumfuta mtu huyo ili mlango uwe mwepesi. Walimwandikia hesabu. Ibn Hazm wa Kordoba, mwanasheria mkali asiyechezewa, aliandika katika Tawq al-Hamama, mnamo mwaka 1022 hivi, habari za mapenzi alizoziona na kuzisikia, na miongoni mwake zimo za wanaume waliowapenda wanaume. Anayaharamisha yaliyoharamishwa katika mlango wake, na anasimulia yaliyotokea katika milango mingine. Alijua kusimulia si kuhalalisha. Wengi wanaojiita warithi wake leo hawajui tofauti hiyo.

Na yupo Abunuwasi. Mtoto gani wa pwani hakulala kwa hadithi za Abunuwasi, mjanja aliyemshinda Sultani Haruni Rashidi kila siku? Huyo Abunuwasi ni mtu aliyeishi: Abu Nuwas, mzaliwa wa Ahvaz, mwana wa mama Mwajemi, mshairi wa Baghdad aliyefariki mnamo mwaka 814. Diwani yake ina mvinyo, uwindaji, tashtiti, toba, na mapenzi ya vijana wa kiume ambayo hakuyafunika hata kwa jani la mgomba. Aliwasifu pia wajakazi walioitwa *ghulamiyyat*, wasichana waliokatwa nywele na kuvikwa nguo za wavulana. Al-Masudi anasimulia kwamba Zubayda, mama wa Khalifa al-Amin, ndiye aliyewavisha hivyo, akitaraji kumvuta mwanawe aliyeshughulika na matowashi kuliko wanawake, na mtindo ukaenea mjini. Kwa zaidi ya miaka elfu moja Waarabu walinakili diwani hiyo nzima. Toleo la kisasa lililokatwa lilitoka Cairo mwaka 1932. Mwezi Januari 2001 ikaripotiwa kwamba Wizara ya Utamaduni ya Misri imeamuru nakala zipatazo 6,000 za mashairi yake ya namna hiyo zichomwe. Makhalifa walimfunga mshairi huyo jela, hilo ni kweli, diwani hawakuichoma. Pwani ya Waswahili ilimpokea Abunuwasi mcheshi na kumwacha mshairi bandarini, na hadi leo wako wazee wanaomcheka bila kujua kuwa wanamcheka mmoja wa washairi wakubwa kuliko wote wa lugha ya Kiarabu.

Itasemwa kwamba iko sheria. Iko. Mwaka 2004 sheria ya jinai ya Zanzibar ilirekebishwa na kuongeza adhabu kwa mahusiano ya jinsia moja, na msimamo wa sheria za nchi hizi haujalegea tangu hapo. Sheria hiyo inahusu vitendo vya walio hai. Haimhusu Sappho, wala haimtaki mfasiri atie uongo kinywani mwa Ovid. Tamthilia ya Shakespeare aliyoifasiri Mwalimu Julius Nyerere kwa jina la Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, ina Portia anayevaa kiume na kuhukumu mahakamani, na ina Antonio anayetaka kukatwa ratili ya nyama kwa ajili ya Bassanio huku akiwa na majonzi asiyoyajua chanzo chake. Mwalimu hakuona haja ya kumpa Antonio mchumba.

Asiyeweza kufasiri sehemu fulani, iwe kwa imani yake au kwa kuhofia mchapishaji wake, ana njia ya kiungwana: aseme hivyo. Aandike mahali penyewe kwamba hapa zimeachwa beti nne, au kwamba mpenzi katika asili ni mwanamume. Mfululizo wa Loeb, unaochapa maandishi ya Kiyunani na Kilatini na Kiingereza ubavuni, ulikuwa na haya za zama zake. W. R. Paton, alipokifikia mwaka 1918 kitabu cha 12 cha Anthologia ya Kiyunani, kilichojaa mashairi ya mapenzi ya wavulana aliyoyakusanya Strato, baadhi aliyaweka katika Kilatini badala ya Kiingereza. Walter Ker, akimfasiri Martial mwaka 1919, alizikimbizia epigramu chafu katika Kitaliano. Ilikuwa dawa ya kuchekesha, na wanafunzi wa shule za Uingereza lazima walijifunza Kitaliano kwa bidii isiyo ya kawaida. Lakini hakuna herufi iliyogeuzwa. Asili ilibaki upande wa kushoto, msomaji aliona pale pale kwamba Kiingereza kimeondoka, na D. R. Shackleton Bailey alipokuja kumfasiri Martial upya kwa mfululizo huo mwaka 1993, epigramu zote alizikuta mahali pake.